Mashua iliyopanda milima: picha ya zamani na swali la mashini zetu



Kwenye mafunzo yetu ya mwisho hapa Bukavu tulipitisha mkononi kopi ya picha moja ya zamani, nyeusi na nyeupe, imefifia kidogo. Tuliuliza washiriki: hiki ni kitu gani? Wa kwanza alisema ni sanduku za kuvunia mihogo. Wa pili alisema ni mabirika ya kunyweshea ng'ombe. Mama mmoja kutoka Walungu aliigeuza picha, akaangalia tena, akasema: «Hii ni mashua, lakini wameikata.»

Mama alikuwa na haki. Picha ni ya mashua inayoitwa Lady Alice, imetenganishwa vipande vipande ili wanadamu waibebe. Karibu miaka 150 iliyopita mashua ile ilitembea kwa miguu ya watu kutoka pwani ya Bahari ya Hindi mpaka ndani ya Kongo yetu.

Tunajua wengi watauliza: sasa hii inatuhusu nini, sisi wa kahawa, mahindi na mihogo? Inatuhusu sana. Koperative nyingi za milima yetu zinaomba mashini: ya kumenya kahawa, ya kupukuchua mahindi, ya kusaga mihogo. Nyingine zinapata. Lakini kupata mashini Bukavu na kuwa na mashini inayofanya kazi kule juu ni vitu viwili tofauti. Katikati yao kuna njia ya miguu, kuna matope, na kuna mgongo wa mtu. Picha hii inatusaidia kuzungumza juu ya ule mgongo.

Mashua yenyewe

Mashua ilitengenezwa mwaka 1874 Uingereza, mahali panapoitwa Teddington, kando ya mto Thames. Fundi wake aliitwa James Messenger. Aliyeiagiza ni Henry Morton Stanley, yule wa safari za Kongo. Alitaka chombo cha kuzunguka maziwa makubwa na kushuka mito, na alijua kwamba kati ya ziwa na ziwa hakuna barabara. Kwa hiyo aliomba mashua ya mbao nyepesi ya mwerezi, unene wa sentimita moja hivi, urefu wa mita 12, upana wa mita 1 na sentimita 80. Iwe inagawanyika vipande vitano, kila kimoja na urefu wa mita 2 na nusu hivi.

Kwenye karatasi, mpango ulikuwa mzuri. Fundi alifanya kazi safi. Lakini mashua ilipofika Zanzibar wakaipima kwenye mizani, na shida ikaonekana. Vipande vinne vilikuwa na kilo 127 kila kimoja. Cha tano kilikuwa na kilo 140.

Na uzito haukuwa shida peke yake. Njia za miguu za bara, Stanley mwenyewe aliandika, mara nyingi zilikuwa na upana wa sentimita 45 tu, na msitu pande zote mbili. Kitu chenye upana wa mita 1 na sentimita 80 kingepita wapi? Ingelazimu kutuma watu mia moja mbele kufyeka njia, kila siku, miezi na miezi.

Fundi mmoja seremala aliyekuwa Zanzibar, jina lake Ferris, ndiye aliyeokoa kazi. Alipasua katikati vile vipande vinne, vikawa vinane, kila kimoja na upana wa sentimita 90. Sasa ukigawa kilo 127 kwa mbili unapata kama kilo 63: mzigo wa watu wawili wenye mti begani. Waswahili wa pwani walikuwa na jina kabisa kwa ubebaji wa namna hiyo, mzegazega. Hapa kwetu tunaujua pia, kwa sababu ni vile vile tunavyobeba mgonjwa kwenye tipoyi kumpeleka kituo cha afya.

Msafara ulitoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874. Baada ya siku 103 mashua ilifika kusini mwa ziwa Victoria. Ikaunganishwa, ikazunguka ziwa lote kati ya Machi na Mei 1875. Mwaka 1876 ikazunguka ziwa Tanganyika. Kisha ikabebwa tena mpaka Lualaba, ikashuka mto Kongo, ikapita maporomoko mengine majini na mengine ikiburutwa nchi kavu. Tarehe 31 Julai 1877 iliachwa juu ya mwamba karibu na maporomoko ya Isangila, mbao zimechoka na wabebaji wamechoka zaidi. Siku chache baadaye, tarehe 9 Agosti, watu waliobaki waliingia Boma.

Kile ambacho picha haionyeshi

Katika picha tunaona mbao. Wabebaji hatuwaoni. Watu zaidi ya 300 waliondoka Bagamoyo. Waliofika Boma walikuwa kama theluthi moja ya hao. Wengine walikufa kwa njaa, kwa ndui, kwa kuzama mtoni, kwa vita; wengine walitoroka njiani. Na tunajua nini kilifuata nyuma ya safari ile. Mwaka 1885 nchi yetu ikaitwa mali ya mfalme Leopold wa Pili. Katika miaka hiyo hata mashua za mvuke zilibebwa vipande vipande na watu, kuzunguka maporomoko ya mto, mpaka pale Kinshasa ilipo leo. Reli ya kutoka Matadi ilipomalizika mwaka 1898 ndipo ubebaji ule ulipopungua.

Hatusemi haya ili kusifu safari. Tunayasema kwa sababu ubebaji haujaisha. Asubuhi yoyote hapa Bukavu, kwenye njia za kupanda kutoka bandarini kwenda sokoni, unaona wamama wameinama, kamba kwenye kipaji cha uso, mfuko mkubwa mgongoni. Kwenye milima ya Kabare, Kalehe na Mwenga ni vile vile. Kila mashini isiyopimwa vizuri, mwishoni inaishia kwenye mgongo wa mmoja wao. Wazee wa Kiswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ukiutazama kutoka mbali unaonekana mwepesi. Sisi tunaopanga proje mezani tuko katika hatari hiyo kila siku.

Kosa tulilolifanya sisi wenyewe

Tuseme ukweli. Miaka kadhaa iliyopita tulishiriki kupeleka mashini ya kusaga mihogo kwa koperative moja ya mlimani. Bei ilikuwa sawa, mtambo ulikuwa na nguvu, komite ilifurahi. Gari likafika mwisho wa barabara. Kutoka pale ilibaki saa mbili kwa miguu.

Chuma cha chini, kile kinachoshika motere na ngoma, kilikuwa kimeunganishwa kwa moto, kipande kimoja. Hakifunguki. Vijana wanane walijaribu kukibeba. Walifika kwenye daraja la magogo mawili, wakaona hakipiti: kikiinuliwa kwa upana hakiingii, kikisimamishwa kinavuta watu mtoni. Wakarudi. Mashini ikafunikwa sheeting kando ya barabara «kwa wiki moja». Ilikaa msimu mzima wa mvua. Mzee mmoja wa koperative alituambia neno ambalo hatujalisahau: «Tuko na mashini, lakini mashini haiko na sisi.»

Mwishowe fundi wa kuunganisha chuma alilipwa akakata kile chuma sehemu tatu na kutoboa matundu ya buloni. Ilipanda siku moja. Ile kazi ya fundi ingefanyika Bukavu kabla ya kuondoka, kwa bei ndogo zaidi. Sisi hatukuwa tumeuliza upana wa daraja. Ferris wa Zanzibar aliuliza.

Kwanza: ni mashini ipande, au ni mavuno yashuke?

Kabla ya kuzungumza juu ya buloni, komite ijibu swali hili. Kuna wakati ni bora mashini ibaki barabarani na mavuno yashuke. Kuna wakati ni kinyume. Hesabu ndiyo inaamua.

Tuchukue mfano wa kahawa. Koperative ina wanachama 40, na kila mmoja anavuna kilo 300 za kahawa mbivu, nyekundu. Jumla ni kilo 12,000. Kama mtu anabeba kilo 25 kwa safari moja, hiyo ni safari 480 za kushuka.

Sasa, kahawa mbivu kilo 100, ikimenywa, ikichachuka, ikioshwa na kukauka vizuri, inabaki kama kilo 20 za kahawa yenye ganda jembamba. Zile kilo 12,000 zinakuwa 2,400. Safari zinashuka kutoka 480 mpaka 96. Kinachobaki mlimani ni maganda na maji, na maganda ni mbolea ya shamba lako mwenyewe. Kwa hesabu hiyo, kupandisha mashini ya mkono mara moja, hata kama ina kilo 90, ni faida kubwa kwa migongo ya watu.

Lakini angalisho. Kumenya kahawa nyumbani kunataka maji safi ya kutosha, kumenya siku ile ile ya kuvuna, na meza ya kuanikia juu ya ardhi. Bila hayo, kahawa inapoteza ladha na bei. Na kama koperative yenu ina mkataba wa kuuza kahawa mbivu kwa kituo cha kuoshea, mkataba unakuja mbele. Hapo kazi ya komite ni kufupisha njia ya kubeba: kuweka mahali pa kukusanyia karibu na mashamba, au kutengeneza njia.

Kwa mihogo hesabu inaelekea upande ule ule. Zaidi ya nusu ya uzito wa muhogo mbichi ni maji. Anayebeba muhogo mbichi kwenda kwenye mashini ya mbali anabeba maji zaidi kuliko chakula. Kwa mahindi tofauti ni ndogo, kwa sababu gunzi si zito sana. Pale mara nyingi mashini ndogo ya mkono ya kupukuchua, ambayo mtu mmoja anaibeba, inatosha.

Pili: pima njia kabla ya kupima bei

Mkishakubaliana kwamba mashini ipande, tumeni watu wawili na mita. Wapite njia yote kutoka mwisho wa barabara mpaka mahali pa kazi, na waandike kwenye daftari:

Upana wa mahali pembamba kuliko pote. Hii ni kona kati ya mawe, mlango wa uzio, au daraja la magogo. Kipande chochote cha mashini kisizidi upana huo.

Mahali pa kupanda kwa mikono. Kama mbebaji anahitaji kushika mti au jiwe ili apande, basi mzigo wa watu wawili hautapita pale bila kusimama. Andikeni ni wapi mtatua na kupokezana.

Msimu. Njia inayopita Julai inaweza kukataa mwezi wa Aprili. Kama mashini inakuja wakati wa mvua, ombeni ingoje ghalani, wala si kando ya barabara.

Namba hizo zipelekwe kwa muuzaji au kwa proje kabla ya kununua. Msione haya kusema: «Daraja letu lina sentimita 60, mashini yenu ina 80, tafadhali tuonyesheni nyingine.»

Tatu: pima vipande kwenye mizani

Msikubali uzito ulioandikwa kwenye karatasi peke yake. Mizani ya kupimia kahawa inatosha. Fungueni mashini, pimeni kila kipande, mwandike.

Shirika la Kazi la Kimataifa lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na mwanamke apewe mzigo mdogo sana kuliko huo. Hicho ni kikomo cha kazi za kawaida. Kwa mlima wenye utelezi sisi tunashauri kilo 25 kwa mtu mmoja, kilo 50 kwa watu wawili wenye mti, na kilo 100 kwa watu wanne wenye miti miwili. Mwanamke mwenye mimba au mwenye mtoto mgongoni asibebe kipande chochote.

Kipande kikizidi kilo 100, kigawanywe. Kama hakigawanyiki, hiyo mashini si ya mlima wenu. Mara nyingi kinachozidi ni motere. Kwa hiyo ulizeni pia: kazi yetu inahitaji motere kweli? Mashini ya kumenya kahawa ya kuzungusha kwa mkono haitaji mafuta, na mafuta nayo yanapaswa kupandishwa mlimani kila wiki.

Nne: fungua, weka alama, unganisha, fungua tena

Kazi hii ifanyike Bukavu au pale mnaponunulia, mbele ya wanachama angalau wawili, mmoja wao mwanamke. Tumeona mara nyingi kwamba anayetumia mashini kila siku ni mama, na aliyefundishwa kuifungua ni mwanaume ambaye hayuko.

Pakeni rangi kila mahali ambapo vipande viwili vinakutana: 1 na 1, 2 na 2. Rangi, wala si chaki, maana mvua itafuta chaki. Buloni za kila kiungo ziingie katika kifuko chake, na kifuko kifungwe kwenye kipande chenyewe. Ongezeni buloni za akiba, na kama inawezekana fundi atumie saizi moja tu ya buloni kwa mashini nzima, ili ufunguo mmoja utoshe. Kisha wanachama wale wawili waunganishe wao wenyewe, fundi akiwa amekaa anaangalia. Wakishindwa, warudie. Ni afadhali kushindwa pale kuliko kule juu saa kumi jioni mvua ikianza.

Kwa jambo hili kuna mfano mzuri kwa jirani. Watu wa Uvira na Baraka wanaijua meli Liemba ya ziwa Tanganyika. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa yote, ikatiwa katika masanduku kama 5,000, ikapelekwa mpaka Kigoma na kuunganishwa upya. Ikaingia majini mwaka 1915. Mafundi watatu wa kiwanda walisafiri pamoja nayo. Masanduku 5,000 bila mtu anayejua kipi kinaenda wapi yangekuwa rundo la vyuma tu. Mashini yenu ina vipande sita au saba, lakini sheria ni ile ile: anayejua kuunganisha asafiri pamoja na vipande.

Tano: ubebaji uandikwe katika bajeti

Hapa tunawaomba komite watusikilize vizuri. Katika bajeti nyingi tunaona mstari wa bei ya mashini, mstari wa gari, kisha hakuna kitu. Ile safari ya mwisho, ya miguu, inaitwa «mchango wa wanachama». Kwenye mkutano wote wanapiga makofi. Siku yenyewe wanaokuja ni wale wale: wamama na vijana maskini ambao hawawezi kukataa.

Andikeni mstari wa ubebaji. Wabebaji wangapi, kwa siku ngapi, kwa franka ngapi, na chakula chao. Kama koperative inaamua kwamba wanachama watabeba bila malipo, basi ipige zamu: kila nyumba itoe mtu, pamoja na nyumba ya prezida na ya mtunza hazina. Mgongo wa prezida nao ni mgongo.

Mwishowe

Tulipomaliza mafunzo, yule mama wa Walungu aliomba picha ibaki kwake. Alisema ataionyesha komite yake, kwa sababu wanangoja mashini ya mahindi na hakuna aliyeuliza ina kilo ngapi. Tulimpa.

Tunawaomba na ninyi mfanye hivyo katika mkutano wenu ujao. Chukueni mashini mnayoitamani, iwe ni ya kahawa, mahindi au mihogo, na mjibu maswali manne: ina kilo ngapi kipande kwa kipande, njia yetu ina upana gani, nani atabeba, na atalipwa nini. Kama majibu yote manne yako kwenye daftari, leteni ombi lenu. Kama moja linakosekana, msinunue bado.